Kikombe cha Mzee Kalonda

Wiki nzima swali moja lilininyima usingizi: je, mtu anaweza kujilaza jukwaani akajifanya maiti, kisha akaamka bila kuwa ameita jambo lolote baya? Najua linachekesha. Nina shahada ya sanaa za maonyesho, niliyoipata hapahapa Johannesburg, na sikumbuki mhadhiri hata mmoja aliyewahi kulizungumzia. Lakini ndivyo nilivyo. Wenzangu wakialikwa mahali husema wanakuja. Mimi huuliza kwanza ni nani mwingine atakuwepo, tutarudi na usafiri gani, na je, mvua ikinyesha.

Ijumaa asubuhi nilikuwa jikoni nikichemsha maji ya chai. Kiwiko changu kiligonga kikombe cha bati kilichokuwa kwenye ukingo wa sinki. Kikaanguka sakafuni, kikaruka, kikaanza kuzunguka juu ya mdomo wake kwa ule mlio mwembamba unaoanza kwa haraka na kumalizika polepole, mpaka kikatulia. Kabla sijainama kukiokota, sauti ya Papa ikatoka chumbani, nzito na yenye usingizi bado:

"Sukari yangu!"

Mama, aliyekuwa mezani akikata uzi kwa meno, akacheka bila kuinua kichwa. Mimi nikabaki nimekishika kile kikombe. Rangi yake nyeupe imebanduka sehemu nyingi, na chini kina kidonda cheusi ambacho nakijua kama ninavyojua kovu la goti langu. Nilikishika mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka tisa au kumi, na mkiniruhusu nitawaeleza yaliyotokea siku ya mwisho nilipokishika mbele za watu.

Sisi ni familia ya maonyesho. Mtu akituona hawezi kudhani. Tumekaa miaka yote katika vyumba viwili vya kupanga mtaa wa La Rochelle, hapahapa Johannesburg, nyuma ya nyumba ya watu wengine, mahali ambapo ukipiga chafya mpangaji wa pili anakuombea afya. Mama ni fundi cherehani katikati ya jiji. Papa ni mlinzi wa geti huko Midrand, kwenye nyumba zenye majani yaliyokatwa vizuri kuliko nywele zetu. Lakini mkimuuliza Papa kazi yake, hataji geti. Atawaambia kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "Miye niko mutu ya teatre," na atalisema akiwa amesimama wima, hata kama mkononi ana mfuko wa vitunguu.

Ndiyo, tulimwita Papa, kama watoto wengine wa Wakongo, na Mama tulimwita Mama, ambaye ni wa Kigoma na hajawahi kuacha kumsahihisha Papa lugha. Ule unga wa mahindi uliopikwa kila siku, Mama aliuita ugali, Papa aliuita bukari, na mimi na mdogo wangu Zawadi tukiwa shuleni tuliuita pap. Tulikula sufuria moja yenye majina matatu. Papa na Mama walikutana hapa mjini, kwenye ukumbi wa ghorofa moja la zamani, Papa akiigiza na Mama akiwa amekuja tu kushona mapazia. Mama husema alimwonea huruma, kwa sababu mwanamke aliyecheza naye siku ile alikuwa akiangalia saa.

Michezo ya Papa haikuandikwa mahali popote. Alitutungia tukiwa tunakula. Angekata tonge, aliweke pembeni mwa sahani, aseme, "Huyu ni mutu moja muchoyo," na tayari sisi tulijua Jumamosi fulani tutakuwa jukwaani. Hakutufundisha maneno. Alituambia kila mmoja anataka nini, anaogopa nini, na nani amemkasirisha, kisha akatuacha tuzungumze wenyewe. Mama alipata nafasi kubwa daima. Papa alikuwa akisema hawezi kutunga mwanamke mjinga, kwa kuwa angemkosa wa kumcheza.

Kwa sababu hatukuwa na karatasi, tulikuwa na sheria. Mwenzako akisahau, akipotea, akitaja kitu kisichokuwemo, usimnong'oneze. Muulize swali. Usimpe neno, mpe swali. Papa aliposahau kwamba alikuwa amefunga kabati la sukari, Mama angemuuliza kwa upole mbele ya ukumbi mzima, "Kwani mume wangu, leo ufunguo umeulaza wapi?" na Papa angepapasa kiuno, atabasamu, arudi njiani kana kwamba hakuwahi kutoka. Sheria ile ilihamia hadi nyumbani. Wali ukiungua, hakuna aliyesema umeungua. Tuliuliza, "Mama, hii harufu inatoka kwa jirani?"

Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa Mzee Kalonda. Kalonda ni tajiri mchoyo anayefungia majani ya chai na sukari kabatini, hata mkewe lazima aombe. Siku moja anataka kujua nani anampenda, basi anajilaza kwenye mkeka na kujifanya amekufa. Mkewe, aliyecheza Mama, anaanza kulia, "Kalonda! Kalonda wangu!" Majirani wanaingia kumlilia, na kwa kuwa msiba hauna mchoyo, mjane anavunja kabati na kuwapikia chai. Wanakunywa. Wanaongeza. Marehemu anasikia vijiko vikigonga, na kila kijiko ni mkuki. Mimi nilikuwa binti yake, niliyesimama karibu na kichwa chake na kikombe cha bati. Nilipokiangusha, hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Papa aliruka kutoka kwa wafu na kupiga ukelele wa "Sukari yangu!", na ukumbi wote ulianguka kwa vicheko.

Chai ilikuwa chai ya kweli. Papa hakukubali vikombe vitupu. Alisema watu wanajua.

Sasa ile Jumamosi. Ukumbi ulikuwa kwenye ghorofa la kanisa letu katikati ya jiji, jengo lililokuwa zamani la maofisi, ambalo lifti yake ilishakufa kabla sijazaliwa. Tulipanda ngazi tukipita harufu: mafuta ya nywele kutoka kwenye saluni za chini, samaki wakavu wa duka la Mama Furaha, kisha vumbi, kisha nta ya mbao za sakafu ambazo mtu fulani wa zamani alizipenda. Madirishani zilipanda honi za teksi kutoka kwenye roboti, yaani taa za barabarani, ya kona. Viti vya plastiki vilijaa. Walikuwepo Wakongo, Warundi, Watanzania wachache, na watoto waliozaliwa huku, ambao walicheka nusu sekunde baada ya wazazi wao.

Tulianza vizuri. Papa alikuwa mchoyo mzuri kuliko siku zote. Nakumbuka tu kwamba alikuwa hajala mchana, na kwamba Mama alimfunga tai kwa muda mrefu mno, akiinyoosha pale ilipokuwa imenyooka tayari. Nilidhani ni woga wa jukwaa. Nilijisikia fahari kwamba mimi sikuwa nao.

Papa akajilaza mkekani. Mama akafunga kanga kiunoni, akapiga magoti, akafungua mdomo kulia. Akalia hivi:

"Kasongo! Tata Kasongo! Umetuacha bila hata kutuona!"

Nilishtuka. Tata, kwa watu wa Papa, ni baba, lakini katika mchezo wetu hakukuwa na Kasongo yeyote. Niliangalia huku na huku. Mama hakuwahi kukosea hata siku moja. Papa ndiye aliyekuwa akipotea, Zawadi alikuwa mdogo, angeweza hata kulala jukwaani, lakini Mama, hapana. Na hakujirekebisha. Aliita tena, "Kasongo," kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake, sauti iliyotoka chini kuliko ile ya Jumamosi nyingine. Nikaona kwamba mchezo umeharibika, na kwamba mimi ndiye niliyesimama karibu.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikauliza, kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma:

"Mama, Kasongo ni nani?"

Mama akaniangalia. Macho yake yalikuwa yamejaa. Akanijibu kwa utulivu kabisa, kama mtu anayenielekeza mahali pa kuweka sahani.

"Ni babu yako wa kwenye simu, mwanangu. Baba yake huyu aliyelala hapa."

Lazima niwaeleze: babu yangu wa Lubumbashi sikuwahi kumwona. Mimi na Zawadi tulimwita Babu wa Simu. Jumapili Papa aliweka simu katikati ya meza, na sauti ingetoka mle ikituuliza kama tuko wazima, kama tunasoma, kama huku kuna baridi. Tulijibu kwa zamu. Alikuwa na kicheko kinachoishia na kikohozi. Kuwa alikuwa na jina, kama watu wengine, sikuwahi kufikiria.

Kwa hiyo nilidhani Mama amejiokoa, na vizuri sana. Amemwingiza Babu kwenye mchezo! Nilivimba kwa furaha. Swali langu lilikuwa limefanya kazi.

Ndipo Mama Furaha, muuza samaki, akasimama katika safu ya mbele. Akafungua kitenge chake, akakifunga upya kiunoni kwa nguvu, akapanda jukwaani bila kuitwa. Akakaa mkekani kando ya miguu ya Papa na kuanza kulia. Lakini hakumlilia Kalonda, wala Kasongo. Alimwita kaka yake. Akaja mwingine, msusi wa chini, akamwita mama yake. Mama mmoja Mrundi akaja na viatu mkononi, akamwita mtu kwa Kirundi, na sikujua ni nani wake, ila nilijua ni wake. Wakaja wengine. Jukwaa letu dogo likajaa wanawake wameketi miguu imenyooshwa mbele, kama wanavyokaa msibani, na wanaume wakasimama nyuma kofia mkononi.

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe.

Huo ndio wakati wangu wa kwanza wa kufikiri kupita kiasi, na naukumbuka vizuri. Nikikiangusha sasa, Papa ataruka na kupiga ukelele, na hawa watashtuka. Nisipokiangusha, Papa ataendelea kulala, na mchezo hautaisha. Nilimwangalia usoni anisaidie. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Kutoka pembeni mwa kila jicho machozi yalikuwa yakishuka kando, taratibu, yakiingia masikioni. Nikafikiri: huyu ndiye mwigizaji. Maiti anayelia, na bado anaonekana maiti.

Nikamwangalia Mama. Akatikisa kichwa kidogo sana. Bado.

Basi nikangoja. Kiganja kilitoka jasho hadi bati likawa la moto. Walilia wakalia, mpaka kilio kikaanza kupungua chenyewe, kama sufuria iliyoondolewa jikoni. Mmoja akajipuliza pua. Mama Furaha akasema, huku akipangusa uso kwa kona ya kitenge, kwamba kaka yake naye alikuwa mchoyo, alihesabu hata mifupa ya samaki. Wenzake wakaguna. Mmoja akacheka, kicheko kidogo kilichotoka bila ruhusa.

Nikafungua vidole.

Kikombe kikaanguka, kikazunguka, kikalia mlio wake wote hadi mwisho. Papa akafumbua macho. Hakuruka. Alikaa mkekani polepole, tai imepinda, akawaangalia wale wanawake mmoja mmoja. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Sukari yangu."

Sijawahi kusikia ukumbi ukicheka namna ile, wala kabla wala baada. Walicheka wakilia, wakashikana mabega, watoto wakacheka bila kujua sababu. Mama akamimina chai, na safari hii haikuwa ya waigizaji peke yao. Ilipita safu kwa safu mpaka ikaisha, na kikombe changu cha bati kilizunguka mikononi mwa watu nisiowajua.

Niliteremka ngazi zile kama malkia. Nilikuwa nimeuokoa mchezo. Nilingoja mtu anipongeze.

Tulipofika nyumbani, Papa alitukalisha kitandani, mimi na Zawadi, akachuchumaa mbele yetu bado na suruali ya Kalonda. Akatuambia kwamba Babu wa Simu amefariki. Zawadi akauliza kama sasa Jumapili tutampigia nani. Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa nikipanga mambo kichwani, na yalijipanga yenyewe kwa urahisi wa kutisha: mchana Mama amemlilia Babu kwenye mchezo, mimi nimeuliza ni nani, mbele ya watu wote, jina lake likatajwa juu ya mkeka wa maiti, jioni Babu amekufa. Kama nisingeuliza, jina lingepita tu kama kosa la ulimi.

Siku zilizofuata watu walikuja La Rochelle na unga, majani ya chai na sukari, wakaketi uani kwenye mikeka. Kila aliyenipapasa kichwa, nilidhani anajua.

Tangu siku hiyo sikukishika tena kile kikombe jukwaani. Nilisema kichwa kinauma, kisha nina mtihani, kisha sikusema sababu. Zawadi akachukua nafasi yangu, na kusema kweli alikiangusha kwa madaha kuliko mimi. Mimi nilihamia mlangoni, nikawaonyesha watu viti. Papa hakunilazimisha. Aliniambia mara moja tu kwamba mlango nao ni sehemu ya teatre.

Hata hivyo sikuweza kukaa mbali. Nilikwenda chuo kikuu kusomea maonyesho, kama mtu anayeogopa maji akaamua kusomea mito. Huko, mwaka wa tatu, mhadhiri alitufundisha kuhusu mwigizaji mmoja wa Marekani wa karne ya kumi na tisa. Aliandika michezo yake mwenyewe na kuicheza mwenyewe. Nafasi bora za kike alimtungia mkewe. Mabinti zake walikulia nyuma ya pazia, wakaingia jukwaani. Alitaka chakula cha kweli juu ya meza ya mchezo. Wenye majumba ya maonyesho walipoukataa mchezo wake mmoja, alikodi ukumbi wa muziki akauonyesha humo. Wenzangu waliandika haraka haraka. Mimi nilikaa na kalamu imesimama, nikifikiri kwamba nyumba hiyo naijua, imepungukiwa tu na harufu ya mafuta ya nywele.

Niliandika tasnifu yangu kumhusu. Nilieleza kwa kurasa nyingi jinsi alivyoweza kukaa jukwaani bila kusema neno, akifanya mambo madogo madogo ya nyumbani, na watu wakashindwa kupumua. Nilinukuu wataalamu. Nilipata alama nzuri. Kitu ambacho sikukiandika ni kwamba niliwahi kusimama karibu na kichwa cha mtu aliyefanya hivyo. Na niliwawaza sana wale mabinti. Vitabu vinasema waliigiza vizuri. Havisemi kama kulikuwa na siku waliyoogopa.

Sasa mnafahamu kwa nini wiki hii sikulala. Mgongo wa Papa umechoka. Miaka ya kusimama getini imeukaza, na mara ya mwisho alipojilaza mkekani iliwabidi watu wawili wamwinue, jambo ambalo Mzee Kalonda hawezi kulikubali. Kanisani wamemwomba aulete tena mchezo ule. Jumatatu aliniita, akaniambia:

"Riziki, mugongo inakatala. Utalala weye."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikasema mimi ni msichana, Kalonda ni mzee. Akajibu kwamba yeye naye hakuwa tajiri, na hakuna aliyelalamika. Zawadi, ambaye sasa ana mdomo mrefu kuliko wangu, akasema macho yakiwa kwenye simu yake, "Eish, sisi," kama wanavyomwita dada huku, "ni kulala tu. Wewe si hupendi kulala?"

Ni kulala tu. Lakini kulala kwenye mkeka ule, mahali pa baba yangu, nikililiwa kwa jina. Mimi, mwenye shahada, nilikuwa bado naamini kitu nilichokipanga kichwani nikiwa na miguu isiyofika sakafuni.

Basi Ijumaa ile, kikombe kikiwa mkononi na "Sukari yangu!" bado iko hewani, nilikaa mezani mbele ya Mama. Nilitaka kusema jambo refu, lenye utangulizi. Likatoka fupi.

"Mama, siku ile ulimwita Babu Kasongo. Alikuwa bado mzima?"

Mama akaiweka sindano chini.

"Mzima wa wapi? Simu ilikuja Jumatano. Tulikubaliana na baba yako tusiwaambie mpaka tumalize mchezo, mngelia mkavimba macho. Ukumbi ulikuwa umeshaahidiwa." Akaniangalia vizuri. "Kwani wewe ulidhani nini?"

Nikamwambia nilichodhani. Alianza kucheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Miaka yote hii? Ndiyo maana ulikwenda mlangoni?"

"Ndiyo."

"Na hukuuliza. Wewe unayeuliza hata kama mkate una tumbo."

Akavuta kiti chake karibu. Akanieleza kwamba Papa hakuweza kwenda kuzika. Makaratasi yake ya ukimbizi hayakumruhusu kurudi kule na kuingia tena huku. Tangu Jumatano alikuwa akienda kazini, anafungulia watu geti, anawasalimia, anarudi, hajatoa chozi. Hakutaka kusikia habari za kuweka msiba uani. Alisema msiba bila maiti ni teatre.

"Sasa nimepiga magoti pale," Mama akasema, "nikamwona amelala, amefumba macho, ametulia. Nikajiuliza, namlilia Kalonda wa nini? Kalonda hayupo. Mkwe wangu alikuwepo, na hajaliliwa. Jina likatoka. Lakini lingeishia pale, maana niliogopa. Nilikuwa narudi kwa Kalonda. Wewe ndiye uliyeniuliza."

Alikichukua kikombe mkononi mwangu, akakiweka mezani.

"Watu hawakujua mpaka ulipouliza. Wale akina mama wote hawakuwahi kwenda kuzika kwao. Na baba yako asingelia hadi leo."

Nilikuwa nimeibeba siku ile miaka yote, na niliishika kichwa chini miguu juu. Nilichodhani kimemwitia Babu mauti kilikuwa kimewafungulia watu mlango wa msiba. Mtoto aliyeteremka ngazi akijiona malkia ndiye aliyekuwa sahihi. Ni yule wa jioni aliyekosea. Kama ningesikia habari hii darasani ningeinua mkono kutaka maelezo zaidi. Jikoni kwa Mama niliinuka tu kitini.

Nikaenda chumbani. Papa alikuwa amekaa kitandani akifunga viatu vya kazi kwa shida, mguu mmoja juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nitalala," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hakuwahi kuwa na shaka.

"Lakini kikombe utakishika wewe."

Hapo akaacha kamba za viatu. "Hiyo kazi ni ngumu," akasema, "inapita kulala." Nikamwambia najua.

Jumamosi tulipanda zile ngazi, Papa akipumzika kila ghorofa na kujifanya anawasalimia watu. Saluni bado zina harufu ileile. Mama alinifunga tai ya Kalonda, iliyonifika karibu na magoti, na hakuinyoosha zaidi ya ilivyohitaji. Viti vilijaa. Nilifungia sukari, nikagomba na mke wangu ambaye ni mama yangu, na watu walicheka tangu waliponiona natembea kama Papa, tumbo mbele. Kisha nikajilaza.

Mkeka ulikuwa na harufu ya vumbi na chai ya zamani. Nilifumba macho. Juu ya kichwa changu nilimsikia Papa akiketi kwenye kiti, pumzi yake nikiijua. Mama akapiga magoti akaanza, "Kalonda! Kalonda wangu!" na akabaki na Kalonda, hakutoka kwake. Majirani wakaingia, chai ikamiminwa, vijiko vikaanza kugonga. Mahali fulani kwenye safu za mbele nikasikia kitenge kikifunguliwa na kufungwa upya, na hatua za mtu akipanda jukwaani taratibu, bila kuitwa.

Sikujua Papa atakiangusha saa ngapi. Nililala nikamwachia.